Bomba la Moto Katika Mawese: Uhakiki wa Istilahi za Usafiri wa Joto

Utangulizi

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hasa Kigoma na Ujiji, mafuta ya mawese ni chakula, ni biashara, na ni elimu. Chikichi huchemshwa katika pipa, hutwangwa au kupondwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, kisha mafuta huenguliwa juu ya maji na kuchemshwa tena ili maji yaliyobaki yatoke. Wanaofanya kazi hii wanajua mambo mengi juu ya joto na vimiminika ambayo mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo kwa mara ya kwanza kitabuni. Tofauti ni kwamba wao wanayajua kwa mikono, na mwanafunzi anayajua kwa maneno. Kazi ya istilahi ni kuziunganisha elimu hizi mbili. Makala haya yanahusu mahali ambapo istilahi zilishindwa kazi hiyo.

Tulipokuwa katika karakana moja ya kukamulia mawese karibu na Ujiji, mwenye karakana, mama mtu mzima aliyeanza kazi hii kwa kinu na mchi, alitutolea karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Karatasi ilihusu namna ya kuyeyusha mafuta yaliyoganda ndani ya tangi kwa kupitisha bomba la moto katikati yake. Alituomba tuisome na tumwonyeshe alipokosea, kwa maana alifuata kila neno, na hata hivyo tangi zima la mafuta liliharibika. Mafuta yaliyozunguka bomba yaliungua yakabadilika rangi na harufu, na mafuta yaliyokuwa shubiri moja tu kutoka hapo yalibaki yameganda kama yalivyokuwa.

Tuliisoma karatasi ile mara tatu. Hatutaji aliyeitoa wala aliyeifasiri, kwa kuwa makosa yake si ya mtu mmoja. Ni makosa yanayopatikana katika maandishi mengi ya sayansi kwa Kiswahili, nasi wenyewe tumewahi kuyafanya. Aidha, haki ituongoze kusema kwamba karatasi ile ilikuwa na sifa zake: sentensi zake zilikuwa fupi, hesabu zake zilikuwa sahihi, na neno kipimajoto lilitumika mahali pake. Tunakusudia kuzihakiki istilahi zake moja baada ya nyingine, kueleza jambo la kisayansi lililokusudiwa, na kutoa mapendekezo.

Uzito usio uzani

Neno la kwanza ni uzito. Karatasi ilisema kwamba mafuta mazito hupasha moto polepole, na mahali pengine ikasema kwamba mafuta yakipata moto hupungua uzito na kupanda juu. Msomaji angedhani kwamba uzito unaotajwa ni mmoja. Kumbe ni vitu viwili mbalimbali kabisa.

Katika Kiswahili cha kila siku twasema uji mzito na uji mwepesi. Hatuna maana kwamba bakuli la uji mzito limepimwa kwa mizani. Twasema juu ya namna uji unavyokataa kutiririka. Lakini twasema pia gunia zito, na hapo twakusudia mizani. Maana hizi mbili zinaishi pamoja kwa amani nyumbani na sokoni, kwa sababu kitu kinachozungumzwa kiko mbele ya macho. Katika maandishi ya sayansi amani hiyo huvunjika.

Mawese ndiyo mfano ulio bora wa kuonyesha hatari hii. Mawese ni mazito kuliko maji, kwa maana ya uji. Wakati huohuo mawese ni mepesi kuliko maji, kwa maana ya mizani: lita moja ya maji ina takriban gramu 1,000, na lita moja ya mawese ina takriban gramu 900. Ndiyo maana kazi yote ya kuengua mafuta inawezekana. Kitu kizito huelea juu ya kitu chepesi, na mama yule hakuona ajabu katika jambo hilo maishani mwake mwote, mpaka karatasi ilipomlazimisha kutumia neno moja kwa mambo yote mawili.

Kwa maana ya pili, yaani wingi wa maada katika ujazo fulani, vitabu vya shule vina neno densiti, nalo latosha. Kwa maana ya kwanza lipo neno mnato, ambalo limekwisha kuenea. Wapo wanaolipinga wakisema kwamba kunata ni kushika kitu kingine, kama gundi au ulimbo unavyoshika, na kwamba mafuta hayanati bali huteleza. Hoja hii ina nguvu. Mafuta hutiwa kwenye bawaba ili yaondoe msuguano, na mtu akiambiwa kwamba yana mnato mkubwa kuliko maji hushangaa. Hata hivyo hatuoni faida ya kulitupa neno lililokwisha kuingia vitabuni kwa ajili ya neno jipya ambalo nalo litahitaji miaka kuzoeleka. Linalohitajika ni fasili iliyo wazi kila mara neno linapotokea kwa mara ya kwanza: mnato ni ukinzani wa ndani ambao kitu kinachotiririka hukinza nao mtiririko wake chenyewe. Matabaka yake hukamatana, kila tabaka likimzuia jirani yake. Hapo kunata kunapata maana mpya inayoeleweka: si kunata kwa kitu kwa kitu kingine, bali kunata kwa kitu ndani ya nafsi yake.

Joto hupanda

Kosa la pili ni dogo kwa sura, lakini ndilo lililomponza fundi. Karatasi ilisema kwamba joto hupanda. Tungo hili lina maana mbili. Kwanza, kwamba kipimajoto kinaonyesha nyuzi nyingi zaidi kuliko kwanza. Pili, kwamba joto linatoka chini na kwenda juu. Mahali pengine karatasi ilikusudia maana ya kwanza, mahali pengine ya pili, na mahali pamoja hatukuweza kujua ni ipi.

Kwa maana ya kwanza istilahi sahihi ipo, nayo ni halijoto. Halijoto huongezeka au hupungua, na hupimwa kwa nyuzi. Joto ni nishati inayosafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Anayezichanganya hizi mbili hataweza kueleza kwa nini sufuria kubwa ya maji ya vuguvugu ina joto jingi kuliko kijiko cha maji yanayochemka.

Kwa maana ya pili, tungo lenyewe si kweli. Joto halina tabia ya kupanda. Katika nondo ya chuma joto huenda upande wowote, juu, chini, kushoto na kulia, mradi tu upande huo uwe na halijoto ndogo. Kinachopanda ni mafuta au maji au hewa iliyopata moto, kwa sababu imetanuka, densiti yake imepungua, na ile iliyo baridi inaisukuma juu. Kama mafuta hayawezi kusogea, hakuna kinachopanda.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni mwalimu wa jambo hili. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Jua hulipasha moto kutoka juu. Maji ya juu yana halijoto ya nyuzi 26 hivi za sentigredi, na ya chini kabisa nyuzi 23 hivi. Tofauti ni nyuzi chache tu, lakini yatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini pasipo kuchanganyika nayo. Chini ya mita kati ya 100 na 200 hakuna oksijeni, na virutubisho vilivyozama huko hubaki huko mpaka upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kati ya Mei na Septemba, uyavute na kuyainua baadhi ya maji hayo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuongezeka kwa halijoto ya maji ya juu kumedhoofisha kuchanganyika huko, na hivyo kupunguza chakula ambacho maisha ya ziwani hutegemea, wakiwemo dagaa na migebuka. Katika ziwa joto limeingia juu, na maji yaliyopata moto yamebaki palepale juu. Kama tungo la kwamba joto hupanda lingekuwa ndiyo elimu yote, mwanafunzi wa Kigoma angelitazama ziwa lake kila siku asilielewe.

Msafara, myuko na neno asilia

Sasa twafika kwenye istilahi iliyo kiini cha makala haya. Joto husafiri kwa njia tatu. Kwa njia ya kwanza hupita ndani ya kitu bila kitu chenyewe kuhama, nayo huitwa mpitisho. Kwa njia nyingine hutoka kama mwanga na kuvuka hata mahali pasipo na kitu, nayo huitwa mnururisho. Kwa njia iliyobaki joto hubebwa na maji, mafuta au hewa inayohama kutoka mahali hadi mahali. Kwa njia hii ya mwisho tumekutana na majina mawili, msafara na myuko.

Neno myuko lina kasoro moja kubwa. Muundo wake wamwambia msomaji kwamba limetokana na kitenzi, kama vile mruko ulivyotokana na ruka na mteremko ulivyotokana na teremka. Msomaji hulitafuta tendo hilo katika Kiswahili anachokisema asilipate, na lililo karibu zaidi masikioni mwake ni yeyuka. Katika habari ya mafuta yaliyoganda hakuna neno la kupotosha kuliko hilo, kwa sababu humo mafuta yanayeyuka kweli, lakini kuyeyuka na kusafiri kwa joto ni mambo mawili.

Neno msafara, kwa upande mwingine, lina historia ambayo watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora na kuishia hapa ziwani. Msafara haukupitisha mzigo kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akisimama mahali pake. Mpagazi aliuchukua mzigo akaenda nao. Ndivyo hasa mafuta yanavyofanya: chembe iliyopata moto penye bomba huondoka na joto lake, ikafika mbali, ikalitua, ikarudi kuchukua jingine. Mpitisho ni watu waliosimama mstari wakipokezana matofali. Msafara ni wapagazi. Twaona kwamba neno hili limejieleza.

Upungufu wake ni kwamba msafara wa watu una kiongozi na safari iliyokusudiwa, na leo wengi wakilisikia neno hukumbuka magari ya viongozi. Lakini upungufu huu waweza kuondolewa kwa kusema msafara wa joto, wala si msafara peke yake.

Karatasi ilitumia msafara, na hapo ilifanya vyema. Kosa lilikuja katika kivumishi. Wataalamu hutofautisha hali mbili. Katika hali ya kwanza mtiririko unaletwa na pampu, mwiko, feni au upepo. Katika hali ya pili hakuna kinachosukuma kutoka nje: mtiririko unazaliwa na tofauti ya halijoto yenyewe. Karatasi iliiita hali ya pili msafara asilia. Mama yule alilielewa neno asilia kama linavyoeleweka na kila Mswahili, yaani kitu cha asili, kilichopo tangu mwanzo, ambacho mtu hana haja ya kukishughulikia. Akaamini kwamba joto litajisambaza lenyewe kwa asili yake, na kwamba kukoroga kungeiharibu asili hiyo. Basi hakukoroga.

Msafara huu hauna asili ya kuwepo kila mahali. Una masharti. Lazima wepesi wa mafuta yaliyopata moto uushinde mnato unaoyazuia. Wataalamu hulipima shindano hili kwa namba ya Rayleigh, ambayo huwa kubwa pale msukumo wa wepesi unapoushinda mnato pamoja na kutawanyika kwa joto. Faida ya msafara huipima kwa namba ya Nusselt, ionyeshayo ni mara ngapi joto linasafiri zaidi kuliko ambavyo lingesafiri kwa mpitisho pekee. Msomaji wa karatasi hana haja ya hesabu hizi, lakini ana haki ya kuambiwa kwamba shindano lipo. Twapendekeza msafara huria kwa hali isiyo na kisukumo, na msafara wa kusukumwa kwa hali yenye kisukumo. Neno huria lasema tu kwamba hapana anayeulazimisha. Halisemi kwamba ni lazima utokee.

Jina la kukanusha

Karatasi ilitaja mara moja vimiminika visivyo vya Newton, isiseme neno jingine juu yake. Hapo ndipo siri yote ya tangi lililoharibika ilipofichwa.

Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, alidhani kwamba ukinzani baina ya matabaka ya kitu kinachotiririka huongezeka kwa kadiri ileile ambayo kasi baina ya matabaka hayo inavyoongezeka. Maji hufuata kanuni hii. Mawese yaliyoyeyuka kabisa hukaribia sana kuifuata. Ukiyakoroga upesi au polepole, mnato wao kwa halijoto fulani ni uleule.

Vitu vingi tunavyovitumia haviifuati, na havifanani. Uji hulegea unapokorogwa na hukaza unapoachwa. Wanga wa mahindi uliochanganywa na maji kidogo hufanya kinyume: ukitia kidole polepole chazama, ukiupiga kwa ngumi hukaza kama udongo. Vingine, kama mawese yaliyoganda nusu katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, hukataa kabisa kutiririka mpaka nguvu inayovisukuma ipite kiasi fulani. Eugene Bingham, mkemia wa Marekani, alivichunguza vitu vya namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake limebaki navyo.

Kuviita vyote visivyo vya Newton ni sawa na mchuuzi wa samaki wa pale Kibirizi kuwa na neno dagaa, kisha migebuka, kuhe na sangala wote akawaita wasio dagaa. Hajadanganya, lakini hakuna mnunuzi atakayejua anachouziwa. Jina la kukanusha lafaa kama kichwa cha sura katika kitabu. Halifai kama maelekezo ya kazi.

Aidha neno kimiminika halitoshi. Linahusu maji na mafuta, halihusu moshi wala hewa. Katika tangi lile moshi wa moto ulipita ndani ya bomba na mafuta yalikuwa nje yake, na vyote viwili vilitiririka na kubeba joto. Neno linalovikusanya vimiminika na gesi pamoja ni ugiligili, nalo lastahili kutumiwa kwa maana hiyo tu.

Sasa na tueleze kilichotokea. Bomba lilipopata moto, mafuta yaliyogusana nalo yaliyeyuka yakawa ganda jembamba la ugiligili wa Newton. Nje ya ganda hilo yalikuwapo mafuta yaliyoganda nusu, yenye kizingiti. Wepesi wa ganda lile dogo haukuweza kukivunja kizingiti hicho. Basi mafuta yaliyopata moto hayakuwa na pa kwenda. Hapakuwa na msafara, palikuwa na mpitisho tu, na mafuta hupitisha joto vibaya sana. Moshi ukaendelea kuleta joto, ganda likaendelea kupata moto, mwishowe likaungua. Laiti mafuta yangekorogwa, au moto ungekuwa mdogo na wa muda mrefu, ganda lingepanuka polepole, kizingiti kingeondoka kwa kuyeyuka, na msafara huria ungeanza: mafuta ya moto yangepanda kandokando ya bomba, yangekutana juu yake, na yale ya baridi yangekuja chini kuchukua nafasi yao.

Jambo hili si la Ujiji peke yake. Matangi na meli zinazobeba mawese duniani huwa na mabomba ya kupashia joto, na kanuni za Codex Alimentarius zinaelekeza kwamba halijoto ya mafuta isiongezwe kwa zaidi ya nyuzi 5 za sentigredi katika saa 24, ili yasiharibike. Wataalamu wa hesabu nao wamelishughulikia kwa miaka mingi. Mwaka 1960 Andreas Acrivos alichapisha uchambuzi wa msafara huria katika ugiligili usiofuata kanuni ya Newton. Ugumu mmoja wao wa kwanza waweza kuelezwa kwa lugha ya jikoni: namba ya Rayleigh yadai mnato, na kitu ambacho mnato wake hubadilika kwa kadiri kinavyokorogwa hakina mnato mmoja wa kutiwa katika hesabu. Katika ugiligili unaolegea, mafuta au uji unaokwenda mbio karibu na bomba hulegea zaidi, na joto hutoka kwa urahisi zaidi. Katika unaokaza mambo huwa kinyume.

Silinda

Neno la mwisho laweza kuonekana la kuchekesha, lakini lingeweza kuua. Karatasi haikusema bomba, ilisema silinda yenye moto itumbukizwe katika mafuta. Katika lugha iliyofasiriwa neno hilo ni la jiometri, umbo la mviringo lililorefuka. Lakini kwa fundi wa boti wa Kigoma, silinda ni chumba cha injini ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kwa mpishi wa mjini, silinda ni mtungi wa gesi. Mama yule alitueleza kwamba kijana wake aliisoma sentensi hiyo akauliza kama alete mtungi wa jikoni. Waliokolewa na akili zao wenyewe, si na maandishi.

Kwa umbo la jiometri tuna mcheduara, neno linalofaa darasani na katika hesabu. Katika maelekezo ya kazi, umbo halihitaji kutajwa. Kitu kikiwa bomba na kiitwe bomba, kikiwa pipa na kiitwe pipa. Mfasiri asilete jina la jumla mahali ambapo lugha ina jina la kitu chenyewe.

Mapendekezo

Kanuni ya kuunda istilahi imezoeleka miongoni mwetu: tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende katika lugha nyingine za Kibantu, kisha ndipo tukope mbali. Kwa kufuata kanuni hiyo twapendekeza yafuatayo.

Halijoto: kiasi cha umoto au ubaridi wa kitu, kipimwacho kwa nyuzi. Isichanganywe na joto.

Densiti: wingi wa maada katika ujazo. Neno uzito lisitumiwe kwa maana hii.

Mnato: ukinzani wa ndani wa ugiligili dhidi ya mtiririko wake. Neno uzito lisitumiwe kwa maana hii pia, isipokuwa katika kumweleza msomaji kwa mara ya kwanza, kwa mfano wa uji.

Ugiligili: kitu chochote kitiririkacho, kikiwa kimiminika au gesi.

Msafara wa joto: usafiri wa joto kwa kubebwa na ugiligili unaohama. Msafara huria: ule unaozaliwa na tofauti ya halijoto. Msafara wa kusukumwa: ule unaoletwa na pampu, mwiko, feni au upepo.

Ugiligili wa Newton: ule ambao mnato wake, kwa halijoto moja, haubadiliki kwa kukorogwa.

Ugiligili wa kulegea: ule ambao mnato wake hupungua unapokorogwa, kama uji.

Ugiligili wa kukaza: ule ambao mnato wake huongezeka unapokorogwa kwa nguvu, kama wanga wa mahindi katika maji kidogo.

Ugiligili wa kizingiti: ule usiotiririka kabisa mpaka nguvu ipite kiasi fulani, kama mawese yaliyoganda nusu.

Mcheduara: umbo la jiometri. Si bomba, si pipa, si mtungi.

Hitimisho

Tulirudi kwa mama yule tukamjibu swali lake. Tulimwambia kwamba hakukosea. Aliyafuata maneno, na maneno hayakuwa njia. Kisha tuliiandika upya karatasi pamoja naye na fundi wake, katika sentensi sita. Mafuta yaliyoganda hayasambazi joto. Pitisha bomba chini ya tangi, si juu. Anza kwa moto mdogo. Koroga mpaka yote yameyeyuka. Yakishayeyuka, acha kukoroga, kwa maana sasa yatazunguka yenyewe. Tazama kipimajoto mahali pawili, karibu na bomba na mbali nalo, na zikitofautiana sana punguza moto.

Hakuna hata neno moja jipya katika sentensi hizo. Istilahi tulizozipendekeza hazikutumika humo. Wapo watakaouliza basi istilahi zina faida gani. Jibu letu ni kwamba sisi wenyewe hatungeweza kuziandika sentensi hizo kabla ya kutenganisha mnato na densiti, joto na halijoto, msafara na mpitisho. Istilahi humnyoosha kwanza anayeandika; msomaji hufaidika baadaye, wakati mwingine bila kuziona.

Kwa hiyo tunaliomba Baraza, na kila kamati inayosanifu istilahi za sayansi, kwamba kabla ya neno kupitishwa lipelekwe mahali ambapo kitu chenyewe kinafanyika, lisomwe kwa sauti mbele ya wanaokifanya, na waulizwe wameelewa wafanye nini. Katika karakana ile tulikuta kwamba fundi asiyejua jina la Rayleigh aliweza, baada ya kuelezwa mara moja kwa mfano wa wapagazi, kutueleza kwa nini mafuta yake yaliungua. Alichokosa muda wote huo kilikuwa karatasi iliyosema jambo hilo kwa Kiswahili.